Kichwa cha Ubao Hakipakwi Rangi

Muhoroni ni mji wa mpakani, ingawa mpaka wake hauko kwenye ramani yoyote. Simama kituo cha reli utazame mashariki: nchi inapanda kuelekea Koru na Fort Ternan, hadi vilima vya Tinderet vyenye udongo mwekundu na mvua ya alasiri. Geuka magharibi: nchi inalala. Kuna miwa ya Chemelil na ya Miwani, halafu uwanda wa Kano wenye udongo mweusi, hadi ghuba ya Winam. Mto Nyando unashuka kutoka juu na kumwaga yote yaliyokusanywa na vilima. Masika yakikolea, uwanda unageuka bwawa. Februari, udongo uleule unapasuka nyufa zinazomeza mkono wa mtoto hadi kiwiko.

Nimekulia hapo katikati, baba akiwa seremala na mama mkulima. Ninayoyajua kuhusu miti niliyapata kwao kwanza, vitabu vikaja baadaye kuyapa sababu. Nayaandika sasa kwa sababu nchi nzima imeshika jembe. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 2023 tukapewa siku ya mapumziko ili tupande. Katika kila baraza ninaloketi swali ni moja: miche mingapi? Swali la pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza, huwa halina mwulizaji: mti huu unapandishaje maji, na pale tunapoupeleka maji yakoje?

Karakana ya baba ilikuwa ya mabati, nyuma ya soko. Mbao ziliteremshwa kwenye lori, za mvule zikitoka upande wa Busia na Uganda, za mkaratusi na mgrevilea zikitoka mashamba ya juu. Kabla hajatoa pesa, baba aliugeuza ubao, akakwangua kichwa chake kwa patasi kali hadi kikawa laini, akakilowesha kwa kidole chenye mate, kisha akauinua kwenye mwanga wa mlangoni.

“Njoo uone, nyathina,” aliniita kwa Kijaluo, yaani mwanangu. “Uso wa ubao unaweza kupakwa rangi ukakudanganya. Kichwa hakipakwi.”

Kichwa cha mvule kilikuwa na vitundu vya kuonekana kwa macho matupu, vimetawanyika, kila kimoja kimezungukwa na doa jeupe. Halafu baba alinipa kipande cha mpingo, masalio ya kinyago alichokigeuza kabari. Nilikitazama nikidhani sijui kutazama. Sikuona tundu hata moja. Alikitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nacho kikazama moja kwa moja. Mvule alioutupa baadaye ulielea. “Huu ulikunywa upesi,” alisema, akionyesha mvule. “Ule ulikunywa kwa hadhari.”

Sijui nani alimfundisha hilo, lakini alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Vitundu vile ni midomo ya mirija inayopandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Wanabiolojia huiita zailemu. Ajabu yake ya kwanza ni kwamba mrija huanza kazi baada ya kufa: seli hujengeka, huimarisha kuta zake, kisha uhai wake hutoweka na kuacha uwazi ambamo maji hupita. Ajabu ya pili ni kwamba mirija inayofanya kazi iko upande wa nje wa shina. Ile ya ndani huzibwa na mti wenyewe, na kiini hubaki kuwa nguzo. Ndiyo maana ng'owo, yaani mkuyu, uliokuwa kando ya mto kwetu ulikuwa na pango tumboni la kuingia watoto, na bado matawi yake yalikuwa kijani mwaka mzima.

Lakini maji yanapandaje? Mkulima wa mpunga kule Ahero anayevuta maji kwa pampu ya petroli anajua kwamba pampu hiyo, akiiweka juu mno ya mto, itanguruma tu bila kuleta kitu. Hakuna pampu ya kunyonya, hata iwe na nguvu namna gani, inayoweza kuvuta maji kupita mita 10 hivi, kwa kuwa kazi ya kuyasukuma hufanywa na kanieneo ya hewa, nayo hufika kikomo hapo. Mvule uliokomaa unaweza kupita mita 40. Hauna pampu wala mafuta.

Jibu lilitolewa mwaka 1894 na Henry Dixon na John Joly, wanasayansi wa Dublin. Maji yanavutwa kutoka juu. Jua linapoyafanya yaliyo majanini kuwa mvuke, kila chembe inayotoka huivuta iliyo nyuma yake, kwa sababu chembe za maji hushikana. Hivyo kuna uzi mmoja wa maji usiokatika kutoka ncha ya mzizi hadi ukingo wa jani, umekazwa na jua. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayoingia mizizini huishia hewani kwa njia hiyo. Mti hubakiwa na kidogo sana.

Na uzi uliokazwa unaweza kukatika. Hapo ndipo tofauti ya mvule na mpingo inapoanza kueleweka. Mrija ukiwa na upana maradufu, maji yanayopita ndani yake hayazidi mara mbili, bali mara 16. Kwa hiyo mti wenye mirija mipana, palipo na maji, hukua kwa kasi, hutanua majani na kuwapita majirani. Lakini udongo unapokauka, jua linaendelea kuvuta huku mizizi haina cha kutoa. Uzi hukazwa zaidi na zaidi, hadi hewa inapopenya kupitia vijitundu vya utando unaotenganisha mrija na mrija. Kiputo hujaza mrija mzima, nao hauna kazi tena. Mirija mipana hugusana na majirani kwa eneo kubwa, kwa hiyo ni rahisi zaidi kupatikana utando mmoja dhaifu utakaoruhusu hewa. Mirija myembamba, yenye kuta nene na tando imara, hustahimili mvutano mkali. Gharama yake ni mwendo wa pole na mbao nzito. Mpingo huzama majini kwa sababu umetumia chakula chake kingi kujenga kuta.

Kukatika kwa uzi huo kuna mlio. Mwaka 1966, watafiti wawili, Milburn na Johnson, waliunganisha kikonyo cha jani kwenye kifaa cha kunasa mitikisiko midogo, wakaliacha jani likauke, na kusikia mfululizo wa midato, kila mdato ukiwa ishara ya uzi wa maji kukatika. Mmea waliotumia ni mbarika, uleule unaoota bila kupandwa kwenye majalala ya Muhoroni na kando ya reli. Tangu nisome habari hiyo sijaweza kuupita mbarika uliolegea saa nane mchana bila kufikiria yanayotokea ndani yake.

Hayo ndiyo niliyoyapata karakanani. Mengine yalitoka shambani kwa mama.

Shamba lake lilikuwa chini, upande wa Kano, kwenye udongo mweusi. Mwaka mmoja, Nyando ilipovunja kingo, maji yalisimama shambani siku nyingi, yakifika magotini. Mipapai na mparachichi wa mama ilikuwa imesimama ndani ya maji hayo, na majani yake yalikuwa yamelegea na kuning'inia kama ya Februari. Nilishika jani la mparachichi. Lilikuwa jepesi, kingo zake zimeanza kukunjamana. Mti ulikuwa majini, nao ulikuwa unakufa kwa kiu.

“Umeshiba mpaka umekufa,” mama alisema.

Majirani walikubali, nami niliiamini kauli hiyo miaka mingi, kwani kwa macho ndivyo ilivyokuwa. Ukweli ni kwamba haukushiba kamwe. Mizizi ni hai, nayo hupumua. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mzizi usiopata oksijeni huishiwa nguvu. Seli zake huwa na asidi zaidi, na asidi hiyo hufunga milango midogo ya protini ambayo maji hupitia kuingia ndani. Jambo hilo la mwisho lilithibitishwa mwaka 2003. Kwa hiyo mlango umefungwa huku juani mvutano unaendelea. Jani halijui kama mizizi iko kwenye vumbi au kwenye bwawa. Linachojua ni kwamba maji hayaji.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye maji yaleyale, sesbania ilikuwa inachanua maua yake ya njano. Mti huo mdogo wa kando ya ziwa hujenga nafasi za hewa ndani ya mizizi na sehemu ya chini ya shina, hivyo oksijeni hushuka kutoka juu. Kuzoea maji, basi, ni ujuzi kamili wa kujitegemea. Na hata wapenda maji wana kikomo. Migunga ya magome ya njano, ambayo hupenda kuota palipo na maji karibu na uso wa ardhi, ilikufa kwa wingi kandokando ya ziwa Nakuru na ziwa Naivasha maji yalipopanda miaka ya karibuni. Bado mizoga yake imesimama majini, myeupe. Mti uliozoea kunywa karibu na ziwa haukuzoea kuishi ndani yake.

Kisha huja kiangazi, na udongo mweusi hufanya ubaya wa aina nyingine. Chukua bonge lake mwezi wa Januari, livunje: ndani bado lina unyevu, hata linapoza kiganja. Mgeni atasema maji yapo. Yapo, lakini hayatoki. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, nazo huyashika maji kwa nguvu kiasi kwamba mazao ya kawaida hunyauka mvutano unapofika kama bar 15. Fundi wa tairi ataelewa: tairi ya gari dogo hujazwa bar mbili na kidogo. Mmea wa kawaida hushindwa kwenye mvutano unaokaribia mara saba ya kiasi hicho, na mti wa nchi kavu hutakiwa uvute kupita hapo bila uzi kukatika.

Ndiyo maana miti iliyobaki kwenye uwanda, pale ambapo trekta la miwa halijafika, ni ile yenye tabia zake. Kuna othoo, wenye miiba ya kijani na mbao ngumu, ambao mzizi wake mkuu huchimba chini sana. Kuna migunga ya udongo mweusi yenye vijani vidogo inavyoviangusha mambo yakiharibika, kwani njia rahisi ya kuokoa mrija ni kupunguza wavutaji. Kwenye vichuguu na miamba kuna bondo, usio na majani ya maana, wenye maji yake ndani ya nyama ya matawi. Juu kidogo, maji yanapopata pa kupitia, ndipo siala unapopendeza: mti wa nguzo zetu na wa maua ya njano, mvumilivu wa mfinyanzi, ila hautaki kusimama majini. Na ng'owo hukaa mtoni. Wazee wetu walipotafuta mahali pa kuchimba kisima waliangalia kwanza ng'owo umesimama wapi. Walikuwa wanasoma mirija bila darubini.

Kikundi kimoja cha wahisani kiliwahi kutuletea lori la miche. Ilikuwa mizuri, yenye afya, yote ya mgrevilea. Tuliipanda kwa nyimbo na picha nyingi zikapigwa, mistari minyoofu kwenye udongo mweusi wa bondeni. Masika yaliyofuata yaliisimamisha kwenye tope, kiangazi kikamalizia. Mwaka uliofuata hapakuwa na wa kupigia picha. Watu wakasema mgrevilea ni mti mbaya.

Si mbaya. Nenda Machakos. Huko, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mwendo wa maji ndani ya mizizi ya mgrevilea na kukuta jambo la kushangaza: mvua ya kwanza ikilowesha udongo wa juu huku wa chini ungali mkavu, maji huingia kwenye mizizi ya juu, hupita kwenye mti na kuteremka hadi mizizi ya chini, yakawekwa huko. Mirija inabeba maji kwa kinyume. Kule Tarangire, Tanzania, watafiti waliona mwelekeo mwingine kwa mgunga wa nyika: usiku, majani yakipumzika, maji huvutwa kutoka kina kirefu na kuachiwa kwenye udongo wa juu, karibu na mizizi ya nyasi. Mgrevilea kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji ni rafiki wa mkulima. Kosa letu la pamoja kama nchi ni kuuliza kama mti ni mzuri kabla ya kuuliza uko wapi.

Hesabu hiyohiyo inahusu mkaratusi, mti unaogombanisha watu wa kwetu kuliko siasa. Uliletwa Kenya mwaka 1902 kuwa kuni za injini za reli, muda si mrefu baada ya njia ya chuma kufika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikipitia hapa Muhoroni. Walitaka mti wa kukua haraka, wakaupata, na kasi hiyo ni ya maji. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito ing'olewe. Wengi walisikia kwamba mkaratusi umepigwa marufuku kila mahali. Mimi nasema hivi: mkaratusi kwenye chemchemi ya kijito kinacholisha Nyando ni hasara kwa kila anayeishi chini yake. Mkaratusi kwenye mlima wenye mvua, mbali na kijito, ni nguzo na kuni ambazo vinginevyo zingetoka msituni.

Anayedhani haya ni mambo ya Muhoroni peke yake ateremke hadi Gazi, kusini mwa Mombasa. Mikoko husimama majini kila siku, na ungetarajia mirija mipana. Lakini maji ya bahari, kwa chumvi yake, huhitaji mvutano wa takriban bar 25 kabla mzizi haujapata tone. Kwa mtazamo wa mrija, bahari ni jangwa. Watafiti wa Ubelgiji na Kenya waliosoma mbao za Gazi walikuta kwamba chumvi ikizidi, mkoko hujenga mirija mingi zaidi, na kwamba mbao ulizojenga wakati wa mvua hutofautiana na za kiangazi. Mchu, mkoko wa aina nyingine unaovumilia sehemu zenye chumvi kali zaidi, una mirija myembamba zaidi, mingi, iliyoshikana kwa makundi, hivyo mmoja ukizibwa na hewa maji hupitia kwa jirani yake. Kwa hiyo unyevu wa mahali haupimwi kwa kutazama maji. Hupimwa kwa kujua yanapatikana kwa mvutano gani.

Utafiti uliobadilisha fikra zangu zaidi ulichapishwa mwaka 2012. Wanasayansi walikusanya vipimo vya aina 226 za miti kutoka maeneo 81 duniani, wakalinganisha mvutano ambao kila mti huupata katika maisha yake na ule unaoweza kuharibu mirija yake. Asilimia 70 ilikuwa karibu sana na ukingo. Na haikuwa miti ya nchi kavu tu. Miti ya misitu yenye mvua nyingi ilikuwa karibu na ukingo wake vilevile, kwani kila mti umejijengea mirija ya kutosha mahali pake, bila akiba kubwa. Maana yake ni kwamba kiangazi kikirefuka Tinderet, miti iliyozoea mvua ya alasiri itaumia kama ya Kano, au kuizidi.

Ninayoyadai yako ndani ya uwezo wa kila mwenye jembe. Angalia kwanza miti mikubwa iliyojiotea jirani na shamba lako, na upande ya kwao. Chukua mbegu kwa mti uliokulia kwenye udongo na mvua kama yako, kwa maana hata mti wa aina moja hujenga mirija kulingana na ulikokulia. Changanya aina, ili mwaka mbaya kwa mmoja usiwe mbaya kwa wote. Usiuchague mti kwa kasi yake peke yake, kwani kasi hulipiwa maji. Nanyi mnaoleta miche kwa lori, ulizeni aina ya udongo kabla ya kuuliza idadi.

Na wewe msomaji, kabla ya kununua mche, chimba shimo la futi mbili, mimina debe la maji, rudi kesho yake asubuhi. Maji yakiwa bado yamesimama, huo mgrevilea na huo mparachichi ipeleke kwa jirani wa juu, na hapo panda sesbania au mgunga wa udongo mweusi. Kipimo hicho hakigharimu shilingi hata moja, na kingeokoa miche mingi kuliko hotuba zote nilizosikia.